Fidla Isiyokuwepo

Cragg Royd, Yorkshire
14 Machi 1988

Dada Thirza,

Habari za huko kwenye theluji? Natumai kifua kimepoa na kuku wako wanataga. Huku mvua haijakatika tangu Krismasi. Juzi mto uliingia dukani kwa Murgatroyd, magunia ya unga yakawa yanaelea kama bata, na mwenyewe amesimama juu ya kaunta na mwavuli anamtukana diwani. Binti yangu Merle bado ni muuguzi Halifax na bado hajaolewa, kwa hiyo usiulize. Goti langu la kushoto linalalamika kila nikipanda ngazi za kwenda posta. Nalipandisha hivyo hivyo.

Kanisa letu limefungwa moja kwa moja. Tulibaki wachache mno, mhubiri akawa anavihubiria viti. Wanasema mjenzi atalinunua aligeuze nyumba za watu wanaofanya kazi Manchester.

Sasa jambo lenyewe. Ndani ya kifurushi hiki umekuta sahani ya santuri. Uso ulio kwenye jalada ni wangu, usidhani wamekosea. Najua nilikuandikia zamani kwamba siimbi tena mbele ya watu, baada ya wale vijana wa klabu kule Manchester kusema sauti yangu ni msumeno. Nilinyamaza miaka yote ile. Lakini mume wangu Amos alipofariki nyumba ilikuwa kimya mno, nikaanza kwenda kuimba Jumapili jioni pale baa, na hapo ndipo Maud Pickersgill akanisikia. Maud ana kampuni ndogo ya santuri, anaiendesha gereji kwake, gari linalala nje.

Kabla ya Maud alikuja bwana mmoja kutoka London. Alitaka aniwekee ngoma na kinanda cha umeme, na akataka nitamke maneno kama wanavyotamka wao kule, eti ili watu waelewe. Nikamwambia kama anataka yatamkwe hivyo, ayaimbe mwenyewe. Aliondoka bila kumaliza chai. Maud hakutaka nibadilishe kitu. Tukaomba ufunguo wa kanisa, nikasimama palepale ulipokuwa ukisimama wewe, nikaimba zile nyimbo kumi na moja ulizonifundisha, wewe ukiosha vyombo na mimi nikivikausha.

Na sasa wanasifu, Thirza. Magazeti ya London yanasifu. Nimekutumia kipande cha mojawapo, usome mwenyewe. Mhakiki anasema ni albamu bora ya nyimbo za asili kutoka Uingereza tangu aanze kazi yake. Merle alikisoma kwa sauti wodini, wagonjwa wakapiga makofi.

Ila kuna kitu kimenikera. Anasema naimba kama jiwe lingeimba, kwamba “hajafundishwa na mtu yeyote”, na kwamba mimi ni sauti ya mwisho ya watu waliokwisha kutoweka. Nimesoma hayo nikiwa kwenye foleni ya mkate, nimezungukwa na watu hao hao waliotoweka, wanasukumana. Basi nimemwandikia mhariri. Nimemwambia hatujatoweka, tupo, na kwamba nilifundishwa, na aliyenifundisha ni dada yangu Thirza Sugden, mfumaji, aliyeko Kanada, ambaye alikuwa ananizidi kwa mbali.

Sikiliza sahani, kisha niandikie. Ninataka neno lako kuliko la hao wote.

Mdogo wako,
Zillah


Karibu na Swift Current, Saskatchewan
2 Mei 1988

Mdogo wangu Zillah,

Barua yako imefika na nimefurahi kusikia mko hai baada ya mafuriko. Mpe pole Murgatroyd, ingawa unga wake ulikuwa na wadudu hata kabla ya kuogelea.

Sisi tu wazima. Theluji imeyeyuka mapema na upepo umeanza kupeperusha udongo, mwanangu Gordon anaangalia mbingu kutwa nzima. Amepanda ngano upande wa mashariki. Mkewe Luanne ameniletea vifaranga wa aina mpya, wana manyoya mpaka miguuni, wanatembea kama wamevaa suruali za watu wengine. Kifua kimepona. Niambie kuhusu kanisa: viti watavifanya nini? Kile cha mbele kushoto nilikwangua jina langu chini yake kwa pini ya nywele, wasije wakakichoma kuni.

Usibishane na magazeti. Sikuona sababu ya kulitaja jina langu.

Sahani imefika salama, haina hata ufa. Gordon ameiweka sebuleni.

Wako,
Thirza


Cragg Royd
23 Mei 1988

Dada Thirza,

Nashukuru kwamba mko wazima. Merle anakusalimu. Viti vya kanisa vimeuzwa kwa mwenye mkahawa mmoja Hebden Bridge. Nimekwenda huko, nimepiga magoti mbele ya wateja na kuchungulia chini ya kila kiti. Chako nimekipata. Mwenye mkahawa amekubali nikichukue, nadhani ili nitoke. Kiko jikoni kwangu.

Nimeisoma barua yako mara kadhaa nikitafuta mahali ulipoandika kuhusu nyimbo. Nimesoma kuhusu suruali za vifaranga. Nimesoma kwamba sahani haina ufa. Hata posta wangeweza kuniambia hivyo.

Mhariri ameichapa barua yangu, ameikata katikati lakini jina lako limebaki. Tangu hapo yamekuja magazeti mengine manne, na yote yanasifu. Mwandishi mmoja ameandika kwamba natisha, na amekusudia sifa. Watu wa redio wamekuja hadi mlangoni. Sasa wanataka kuzungumza na wewe kwa simu, wakurekodi huko huko ukieleza ulivyonifundisha. Nimewaambia nitakuuliza.

Siku yako ya kuzaliwa nilipiga simu. Luanne alisema uko bandani kwa kuku. Nikapiga Jumapili iliyofuata, Gordon akasema umelala. Saa hizo huko ilikuwa mchana, Thirza. Tangu lini unalala mchana? Merle anasema labda umekasirika kwa sababu nimeziimba nyimbo za jikoni mbele ya dunia nzima. Kama ndivyo, sema. Nitasikia vibaya lakini sitajuta. Zingekaa jikoni zingekufa jikoni.

Niandikie neno moja tu, hata kama ni baya.

Zillah


Karibu na Swift Current
19 Juni 1988

Mdogo wangu mpendwa,

Nakusalimu kwa moyo wote, na Merle pia. Asante kwa kile kiti. Gordon amevuta maji kutoka bwawani na ngano imesimama. Jogoo mpya ana kiburi, nimemwita Bwana London, kama yule wako.

Nimekosa kukueleza kuhusu sahani yako, na si kwa ubaya. Ni kazi ya kweli, Zillah. Sauti yako ina uzito wa ardhi na ukweli usiopambwa. Kuna ukimya kati ya mistari ambao unasema mengi kuliko mistari yenyewe. Na ile fidla inayolia kwa mbali katika wimbo wa tatu imenitoa machozi, ni kama roho ya bonde letu inaita. Sijakasirika hata kidogo kwa kuziimba nyimbo hizo mbele ya watu. Ziimbe.

Ila simu ya redio sitaki. Mimi ni mwanamke wa kuku. Waambie hapana, na wakirudi waambie hapana tena.

Dada yako anayekupenda,
Thirza


Cragg Royd
1 Julai 1988

Thirza,

Sote wazima. Goti ni lile lile.

Hakuna fidla.

Katika sahani nzima hakuna chombo chochote. Yule mhakiki alisikia bawaba ya mlango wa nyuma wa kanisa, akaiita fidla. Ilikuwa inalia na upepo tulipokuwa tunarekodi wimbo wa tatu, na Maud akasema tuiache. Gazeti lilipotoka tulicheka mpaka Maud akakaa chini sakafuni. Sikukuandikia habari hiyo kwa sababu nilijua utaitambua wewe mwenyewe dakika utakapoisikia. Ule mlango umelia hivyo tangu tukiwa watoto. Baba alikuwa anautia mafuta kila Pasaka, na wewe ndiye uliyekuwa ukisema unaimba vizuri kuliko mhubiri.

Hayo maneno yako ni ya gazeti. Uzito wa ardhi, ukimya kati ya mistari, yote. Nililikata mimi mwenyewe kwa mkasi, nalijua. Umenirudishia kipande changu mwenyewe.

Hukuisikiliza. Sijui nimekufanyia nini. Watu wasionijua wamekaa wakanisikiliza upande wa kwanza na wa pili, na wewe, ambaye kila neno mle limetoka kinywani mwako, umeshindwa kuweka sindano juu ya sahani.

Zillah


Karibu na Swift Current
30 Septemba 1988

Zillah,

Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na Merle. Mavuno yamekwisha. Hayakuwa mazuri, hayakuwa mabaya. Nimekaa na barua yako kiangazi chote kwa sababu kila nikianza kujibu nilikuwa najibu kwa matusi.

Kwanza, ulisema ulikataa ngoma na kinanda cha umeme. Hukusema ulikataa fidla. Ningejuaje?

Pili, mimi ni kiziwi.

Sisemi nasikia vibaya. Sisikii kitu. Sikio la kushoto lilianza kuondoka mume wangu Wilf angali hai. La kulia lilijikokota, na majira ya baridi ya mwaka juzi nalo likafa. Daktari aliniambia ni kelele za zile mashine za kufumia kiwandani, kwamba zilianza kuyala masikio yangu nikiwa na miaka kumi na tatu, yakachukua muda tu kwisha. Alinipa kidude cha kuweka sikioni, kinapiga mluzi tu, sasa kiko kwenye droo pamoja na vijiko visivyo na wenzake. Gordon na Luanne wanajua, na niliwakataza kukwambia. Ndiyo maana ukipiga simu niko kwa kuku.

Kanisani nasimama na kitabu changu na kuchezesha midomo. Mchungaji anadhani mimi ni mwanamke mwenye heshima. Naona midomo ya watu wa hapa lakini hawajui kuongea nayo, wanakula maneno, nusu ya siku sijui wanasema nini, naitikia tu kwa kichwa. Nimekwishakubali kwenda harusi mbili nisizozijua.

Sahani yako ilipofika, Gordon aliiweka siku ile ile. Niliweka kiganja juu ya sanduku la santuri. Nilihisi mtetemo, nikajua umeanza. Nilijaribu kuhesabu ili nijue ni wimbo upi, nikapotea. Luanne aliacha vyombo akaja kusimama mlangoni na mikono yenye povu. Na Gordon, mwanangu mwenye miaka arobaini na shamba lake, alilia. Nilimtazama analia na sikujua ni kwa wimbo upi. Nilimuuliza, akaniandikia jina la wimbo nyuma ya bahasha, lakini kufikia hapo ulikuwa umekwishapita.

Ukataka neno langu. Ningekwambia nini? Sikutaka kukupa jibu la kiziwi, nikakupa la gazeti. Nilidhani angalau mtu anayelipwa kusikiliza amesikiliza.

Sasa sikiliza wewe. Sitaki pole. Usimwambie mtu huko, wasije wakanitumia kadi zenye maua. Nyimbo sijapoteza hata mmoja, ninazo zote, na ule wa saba una ubeti ambao wewe hukuwahi kuujua kwa sababu ulikuwa mdogo na haukuwa wa mtoto. Naziimba bandani kila asubuhi. Gordon anasema siko tena kwenye sauti, napanda na kushuka ninavyotaka. Kuku wanataga vizuri.

Thirza


Cragg Royd
20 Oktoba 1988

Dada Thirza,

Sina pole yoyote ya kukupa, kwa hiyo usihangaike. Nina hasira. Miaka miwili umemkubalia kila mtu kwa kichwa kama punda, na mimi nakaa huku nikidhani umenichoka.

Merle sijamwambia, lakini ni muuguzi, ameniangalia usoni nilipokuwa nasoma akatengeneza chai bila kuuliza.

Kuna siku imenirudia. Nilikuwa nimetimiza miaka kumi na nne, baba ameshazungumza na msimamizi, Jumatatu naingia kwenye mashine. Wewe ulirudi kutoka kazini na nyuzi nywele nzima, ukasimama mbele yake pale jikoni, hata koti hujavua, ukamwambia, “Zillah haendi mle. Mpeleke chumba cha kurekebisha vitambaa, au na mimi naacha kazi.” Baba alikupiga kofi. Hukusogea. Nikaenda chumba cha kurekebisha, nikakaa miaka ishirini natoa mafundo kwenye sufu, kimya kabisa, unaweza kusikia sindano ikianguka. Nilikuchukia mwaka mzima kwa sababu wafumaji walikuwa wanalipwa zaidi. Hukuwahi kunieleza na mimi sikuwahi kuuliza.

Kwa hiyo hao wahakiki wanapolisifu sikio langu, wasifu hilo kofi.

Sasa nakuambia neno, na usikatae kabla hujafika mwisho wa ukurasa. Wamenialika ukumbi mkubwa wa Leeds, Aprili. Viti vimekwisha kununuliwa nusu. Nataka uje. Utasema uje kufanya nini. Nitakwambia: ulikaa miaka kumi na saba katikati ya mashine zile na ulikuwa unapiga soga kutoka upande mmoja wa chumba hadi mwingine bila kutoa sauti, wanawake mia, kwa midomo tu. Ulinifundisha nami pia nyumbani, tukawa tunamsengenya baba akiwa amekaa katikati yetu na gazeti. Wewe hukuhitaji masikio wakati ule. Nitaimba kwa midomo mipana. Kila neno utaliona.

Na ule ubeti wa wimbo wa saba, njoo nao. Nina miaka sitini na tatu sasa. Nadhani nimekua.

Zillah


Karibu na Swift Current
9 Januari 1989

Mdogo wangu mwenye kichwa kigumu,

Heri ya mwaka mpya. Bomba la maji limeganda na jogoo amekatika kidole kwa baridi, lakini kiburi kimebaki.

Gordon amenikatia tiketi, na sababu ya kuchelewa kukujibu ni kwamba nilikuwa nimemkataza. Nakuja kwa masharti. Nikae safu ya mbele, katikati. Mtu asinitangaze. Mtu asinipigie kelele sikioni akidhani itasaidia. Usilie uwanja wa ndege, ukilia mdomo unakunjamana na sitaelewa unachosema.

Ubeti ule sikuandikii. Mchungaji wetu anapanga foleni posta nyuma yangu.

Thirza


Cragg Royd
16 Mei 1989

Dada Thirza,

Gordon amenipigia kuniambia umefika salama na kwamba ulilala siku nzima, safari hii kweli. Kiti chako kiko jikoni na Merle amezoea kukikalia, anasema kinanyoosha mgongo. Nyumba imerudi kuwa kimya na sipendi. Murgatroyd anauliza kila siku utarudi lini. Tangu umwambie mbele ya wateja kuhusu wale wadudu wa mwaka arobaini na saba, anakuheshimu.

Uliniuliza kwenye gari, ukaniuliza tena uwanja wa ndege: watu walifanyaje? Nikakwambia nitakuandikia. Nilikuwa nasubiri gazeti. Sasa limetoka, kwa hiyo nakueleza yote, kwa kuwa uliona lakini hukusikia.

Nyimbo tatu za kwanza nilifanya nilivyokuahidi, nikafungua mdomo kama mtu anayezungumza katikati ya mashine. Nilikuona unafuata, kidevu chako kinakwenda na changu. Ukumbi ulikuwa umetulia kabisa. Kisha nikaanza wa nne, na kwenye ubeti wa pili ukaanza kuimba.

Najua hukukusudia. Nadhani hukujua kwamba unatoa sauti. Lakini ulikuwa unaitoa, dada, na ulikuwa unaitoa yote. Ilikuwa sauti ile ile yako ya jikoni, kubwa kuliko nilivyoikumbuka, ila haikuwa na mlango wala ukuta. Ulikuwa chini yangu, kisha chini zaidi, na polepole kuliko mimi. Watu waligeuza vichwa. Bwana mmoja nyuma yako alisema “Nyamaza, mama,” na mkewe akasema tena kwa nguvu. Hukuwasikia, na nashukuru. Kijana wa mlangoni akashuka ngazi kuja kukutoa. Nilimwona kabla hajakufikia, nikamtikisia kichwa. Akasimama palepale kama mtu aliyesahau alichokijia.

Nilikuwa na mambo mawili ya kuchagua. Ningeweza kuendelea na wangu, wewe ukawa fujo. Nikaacha wa kwangu nikakufuata. Nilishuka mpaka ulipokuwa, nikasubiri unapovuta pumzi, nikavuta nawe. Haikuwa katika ufunguo wowote wa muziki anaoujua Maud, alikuwa pembeni ameshika kichwa. Ulipanda nikapanda. Uliposhuka ghafla pale kwenye mstari wa mwisho nilikaribia kuanguka, lakini nilifika.

Halafu ukarukia wa saba bila kunisubiri, nikajua ubeti ule unakuja. Sasa naelewa kwa nini haukuwa wa mtoto. Padri wa safu ya tatu naye alielewa.

Ulipomaliza hapakuwa na makofi. Hilo uliliona, ukanitazama kana kwamba tumevunja sahani za mwenye nyumba. Sikiliza basi ulichokosa: ulikuwa ukimya ambao sijawahi kuusikia ukumbini. Wengine waliona aibu kwa niaba yetu, najua. Ndipo roshani juu kushoto wakasimama wanawake, saba au nane, wazee kama wewe, wote wa viwandani, ungewajua kwa mabega tu. Wakaanza kupiga makofi na ukumbi ukafuata. Wengi lakini si wote. Bwana wa nyuma yako aliondoka na mkewe.

Na wakati makofi yanaendelea, nilimwona mmoja wao pale juu anakwambia kitu kwa midomo, nawe ukamjibu, na nyote mkacheka mpaka ukashika kiti. Alikuwa mbali, mwanga ulikuwa machoni mwangu, sikupata hata neno. Hujaniambia alisema nini.

Sasa gazeti. Ni yule yule wa fidla. Ameandika kwamba jioni iliyoanza kwa heshima iliharibiwa na kikongwe wa safu ya mbele asiyeweza kushika sauti, kwamba mimi nilikunja uso kama mtu anayetafuna nyama ngumu, na kwamba badala ya kuilinda sanaa iliyo mikononi mwangu niliiachia ianguke. Anasikitika.

Nimelisoma dukani, kwa sauti, na Murgatroyd alitaka kwenda London siku hiyo hiyo na rungu. Mimi sikukasirika. Alipokuwa ananisifu nilikasirika. Safari hii angalau alikuwa ukumbini na alichokisikia kilikuwepo. Sikumwandikia mhariri.

Manchester wamenialika Oktoba. Wamesikia yaliyotokea, wameuliza kwa adabu nyingi kama nitakuja peke yangu. Nimewajibu kwa kadi ya posta: tutakuwa wawili, au hatutakuwepo. Wamekaa wiki nzima, kisha wakakubali. Bado sijakuuliza wewe. Ndiyo nakuuliza sasa.

Mdogo wako,
Zillah


Karibu na Swift Current
4 Juni 1989

Mdogo wangu,

Sisi wazima na mvua imekuja kwa wakati wake. Vifaranga wamefikia saba. Jumapili niliimba kanisani badala ya kuchezesha midomo. Mchungaji amekuja nyumbani kuzungumza na Gordon, na Gordon amemwambia azungumze na mimi, uso kwa uso na polepole. Bado hajarudi.

Alichosema yule mwanamke wa roshani sikwambii. Wewe ulikuwa chumba cha kurekebisha.

Kuhusu huyo mwandishi, kikongwe ni neno sahihi, hayo mengine ni shida yake. Umefanya vizuri kutomjibu.

Manchester nakuja. Ila safu ya mbele sikai tena, shingo iliniuma siku tatu kwa kuangalia juu. Nataka kiti jukwaani, chenye mgongo, kando yako, kimegeuzwa kidogo nikuone mdomo.

Na jambo moja ambalo hakuna hata mmoja wa hao wanaolipwa aliyeliandika. Nilikuona mishipa ya shingo ilivyosimama tangu wimbo wa kwanza. Ulianza juu mno. Manchester tutaanza pale ninapoanza mimi.

Thirza